Jina la Mtoto Likiibwa Shuleni

Wazazi wengi wakisikia habari ya wizi shuleni hufikiri madawati, vitabu, au magunia ya mahindi yaliyotoweka katika ghala. Lakini uko wizi mwingine usiovunja kufuli wala kuacha pengo, kwa kuwa kilichoibwa kingali mahali pake pale pale. Nao ni wizi wa daftari la majina. Daftari la siku hizi si lile la karatasi lililofungiwa katika kabati la mwalimu mkuu; limo ndani ya kompyuta, na aghalabu kompyuta yenyewe haimo hata shuleni.

Somo la juma hili twalichukua kutoka Amerika ya Kaskazini, maana huko jambo hili lilitokea kwa ukubwa wa kutisha, na habari zake zimekwisha kufika mahakamani. Ipo kampuni ya California iitwayo PowerSchool, ambayo huziuzia shule programu ya kutunza kumbukumbu za wanafunzi: majina, tarehe za kuzaliwa, anwani, namba za simu za wazazi, alama za mitihani, hata maelezo ya maradhi ambayo mwalimu yampasa kuyajua. Mwezi wa Desemba 2024 mwivi aliingia humo kwa kutumia jina na neno la siri la mtu aliyekuwa akiifanyia kampuni hiyo kazi za mkataba. Hakuhitaji nyundo wala ujuzi wa ajabu. Mlango aliopitia haukudai uthibitisho wa pili, kama vile tarakimu zinazotumwa katika simu ya mwenye akaunti. Kwa hiyo aliyekuwa na neno la siri alikuwa na nyumba nzima.

Tarehe 28 Desemba kampuni ikagundua, na tarehe 7 Januari 2025 ikazijulisha shule. Mwivi alijigamba kwamba anazo habari za wanafunzi zaidi ya milioni 60 na walimu zaidi ya milioni 9. Katika mji wa Toronto, nchini Kanada, halmashauri ya shule iliwatangazia watu kwamba huenda zimechukuliwa hata habari za wale waliosoma tangu mwaka 1985. Hebu fikirini: mtu mzima mwenye wajukuu aambiwa kwamba jina lake limeibwa katika shule aliyoiaga miaka 40 iliyopita!

Kampuni ikalipa fidia. Ikaonyeshwa picha ya sinema ya kudai kwamba habari zote zimefutwa, ikaamini. Mwezi wa Mei 2025 shule za Toronto na za jimbo la North Carolina zikaanza kupokea barua za vitisho, zikidaiwa fedha kwa habari zile zile zilizosemwa kuwa zimefutwa. Kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo katika jimbo la Massachusetts, alikiri kosa la uvamizi ule, na mwezi wa Oktoba 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 4 na kulipa fidia ya dola zaidi ya milioni 14. Hukumu ilikuwa ya haki. Lakini hakuna hakimu awezaye kuamuru tarehe ya kuzaliwa irudi kuwa siri.

Na hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Neno la siri likiibwa, hubadilishwa jioni ile ile. Jina la mtoto, jina la mama yake na siku aliyozaliwa havibadilishwi. Basi si busara kungoja habari ya kwamba mwivi ametubu au ametupa alichokichukua. Yafaa kuhesabu kwamba anacho, tena atakuwa nacho daima, na kwenda kuweka mlinzi mahali atakapotaka kukitumia.

Kwa nini mtoto ndiye hutafutwa zaidi? Nchini Marekani kila mtu hupewa namba ya Hifadhi ya Jamii yenye tarakimu 9, nayo ndiyo hutumika kuombea mikopo. Namba za baadhi ya wanafunzi zilikuwamo katika daftari lile. Mtu mzima akikopewa deni kwa jina lake, benki itamwandikia, naye atapiga kelele. Mtoto wa miaka 8 hana benki, hana deni, wala hana mtu wa kumwandikia. Mwivi aweza kulivaa jina lake miaka 10 bila kuulizwa, hata siku ile kijana aendapo kuomba mkopo wa masomo, akaambiwa kwamba yeye ni mdaiwa sugu.

Dawa yake huko ni kufunga kumbukumbu za mikopo. Ziko ofisi tatu kubwa za kutunza kumbukumbu hizo, yaani Equifax, Experian na TransUnion. Kumbukumbu ikifungwa, mkopeshaji mpya hawezi kuisoma, na asiyeweza kuisoma kwa kawaida hakopeshi. Tangu Septemba 2018 sheria ya Marekani imeamuru kufunga na kufungua kuwe bure, tena mzazi aweza kumfungia mtoto aliye chini ya miaka 16. Yambidi apeleke nakala za cheti cha kuzaliwa cha mtoto, za kadi yake na za kitambulisho chake mwenyewe, kwa kila ofisi kati ya zile tatu. Ni usumbufu, twakubali. Lakini ni usumbufu wa siku moja. Kampuni ilijitolea kuwalipia watu ulinzi wa utambulisho kwa miaka miwili, na haikuwa vibaya kuupokea. Ila ulinzi huo aghalabu ni wa kupiga kengele baada ya mwivi kuingia, hali kufunga ni komeo la mlango. Na miaka miwili ni nini kwa mtoto wa darasa la kwanza? Wasomaji wetu wenye ndugu waliohamia huko na kusomesha watoto, wawapelekee habari hii.

Hata hivyo mzazi wa Morogoro au Kisumu asifunge gazeti akidhani kwamba hayo ni ya Wazungu na mikopo yao. Shule zetu nazo zatunza majina, picha, namba za vyeti vya kuzaliwa na namba za simu za wazazi. Nyingine katika kompyuta, nyingine katika kundi la wazazi la simu za mkononi, ambamo kila aliyemo huona namba za wote. Tofauti ni kwamba kwetu mwivi hamtafuti mkopeshaji kwanza. Humtafuta mama.

Nani asiyeijua simu ile? Saa 4 asubuhi mtu anajitambulisha kuwa mwalimu wa zamu. Alitaja jina la mtoto, na shule, na kidato. Kisha asema: “Mama, mwanao ameanguka bwenini, tumemkimbiza hospitali, daktari ataka fedha ya kipimo sasa hivi, tuma kwa namba hii.” Mama hutuma, maana ni mama. Huyo mlaghai hakuwa mganga wa ramli. Habari alizipata mahali fulani, na kila neno la kweli alilolitaja lilimnunulia imani ya mama yule. Ndiyo maana twasema kwamba baada ya daftari la shule kuvuja, kweli anayoitaja mpigaji si ushahidi tena. Kata simu. Mpigie mkuu wa shule au matroni kwa namba uliyoiandika mwenyewe siku ulipompeleka mtoto, wala si kwa namba aliyokupa yule. Familia nyingine zimechagua neno moja la nyumbani, lisiloandikwa popote, ambalo mtoto hulituma akiwa na shida ya kweli. Twaona ni jambo jema. Tena ujumbe wa kilaghai usifutwe kwa hasira: Tanzania namba iliyoutuma hupelekwa 15040, na kwa wateja wa Safaricom nchini Kenya hupelekwa 333.

Jambo la pili ni laini ya simu. Katika Tanzania laini husajiliwa kwa namba ya Kitambulisho cha Taifa na alama ya kidole. Namba ile ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo si kitu kingine ila mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa; yaani aliyeiba tarehe ya kuzaliwa amekwisha kuipata sehemu ya namba. Kidole hawezi kukiiba kompyutani. Lakini yuko wakala asiye mwaminifu amwambiaye mteja, “Kidole hakikukaa vizuri, weka tena,” na kwa kidole kile cha pili akasajili laini nyingine ya kumwuzia mlaghai. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukiikuta usiyoijua, nenda katika duka la kampuni husika ukaikane siku ile ile, kabla Polisi hawajakuuliza kwa nini simu yako inawalaghai watu. Na kijana wenu aliyetimiza miaka 18 afundishwe hivyo siku apatapo namba yake ya taifa.

Tena wazazi wasione haya kuiuliza shule. Mkutano wa wazazi huzungumza sana juu ya ada na uji. Na uzungumze pia ni nani anayetunza daftari, nani hulifungua, na ya wanafunzi waliomaliza zamani yatunzwa kwa ajili gani. Kisichotunzwa hakiibwi. Hili si kuwavunjia walimu heshima, maana sheria yenyewe imewapa wazazi haki hiyo. Kenya inayo sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019, na anayeitunza habari ya mtu ikivuja hali kuna hatari ya madhara yampasa kumjulisha Kamishna katika saa 72. Mwaka 2023 Kamishna huyo aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na iko Tume ya kupokea malalamiko ya mwananchi.

Aliyekwisha kudhurika afanye upesi. Aipigie kwanza kampuni ya simu au benki ili fedha izuiwe, maana hapo dakika ni mali. Kisha aende kituo cha Polisi akapate namba ya taarifa, nayo aihifadhi pamoja na tarehe, saa na namba ya aliyempigia. Ataulizwa karatasi hiyo siku akitakiwa kuthibitisha kwamba aliyekopa, au aliyelaghai kwa jina lake, si yeye.