Chanda Chema na Pete: Usawa wa Rangi Miongoni mwa Mawakili wa Usuluhishi wa Kimataifa

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Kauli hii ndiyo ngao ya wanaodai kuwa usuluhishi wa kimataifa hauna ubaguzi. Eti wakili stadi huteuliwa, awe mweusi au mweupe. Makala hii inadhihirisha kuwa hoja hiyo ina pengo. Kabla ya chanda kuvikwa pete, sharti kionekane. Na mwenye kukionyesha ni yule anayeandaa orodha ya majina.

Maana ya Usuluhishi

Usuluhishi ni utaratibu ambapo wahusika huafikiana kuuwasilisha mgogoro wao mbele ya mtu mmoja au jopo la watu watatu badala ya mahakama. Mpatanishi huwasaidia wahusika kuelewana, ilhali msuluhishi hutoa uamuzi unaowafunga. Chini ya Mkataba wa New York wa 1958, uamuzi huo huweza kutekelezwa katika mataifa mengi. Hata hivyo, msuluhishi haajiriwi na dola kama jaji. Huteuliwa na wahusika wenyewe au na kituo walichokichagua. Hapa ndipo penye kiini cha tatizo.

Duara la Tajriba

Mawakili huwateua wanaowajua. Anayejulikana ni yule aliyewahi kuteuliwa. Asiyeteuliwa huambiwa hana tajriba, na tajriba haipatikani bila kuteuliwa. Hakuna sheria inayotaja rangi ya mtu, lakini mlango umefungwa. Mcheza kwao hutunzwa.

Kesi ya World Duty Free dhidi ya Kenya ni mfano mwafaka. Ilihusu maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa, na iliamuliwa mwaka wa 2006 chini ya ICSID, kituo cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji kilichoko Washington. Waamuzi walikuwa Gilbert Guillaume wa Ufaransa, Andrew Rogers wa Australia na V. V. Veeder wa Uingereza. Haidaiwi kuwa Kenya ilidhulumiwa. Ilishinda, kwa kuwa kandarasi hiyo ilipatikana kwa hongo. Aidha, kanuni za ICSID huhitaji kwa kawaida kuwa wengi katika jopo wasiwe raia wa nchi zinazohusika. Lakini kanuni hizo hazikumzuia Mghana, Mmisri wala Mtanzania.

Tatizo hili si la Afrika pekee. Mwaka wa 2018, msanii Shawn Carter, maarufu kama Jay-Z, alikuwa na mgogoro wa kibiashara na kampuni ya Iconix. Aliieleza mahakama ya New York kuwa katika orodha ya mamia ya wasuluhishi hakuweza kumtambua hata Mmarekani mweusi mmoja mwenye tajriba ya kuamua mgogoro huo. Mahakama ilisitisha usuluhishi huo kwa muda, na shirika lililousimamia likakubali kuongeza majina. Ni dhahiri kuwa vyanda vyema vilikuwapo, havikuwa vimeorodheshwa.

Juhudi za Kuleta Usawa

Mwaka wa 2019 ilizinduliwa Ahadi ya Afrika, ambayo watiaji saini wake hujitolea kuinua uwakilishi wa wasuluhishi Waafrika. Mwaka wa 2021 kikaanzishwa chama cha Racial Equality for Arbitration Lawyers. Nchini Kenya, sheria ya 2013 iliasisi Kituo cha Usuluhishi wa Kimataifa cha Nairobi.

Hata hivyo, ahadi pekee haimteui mtu. Kila nchi mwanachama wa ICSID ina haki ya kuwasilisha majina ya wasuluhishi wanne, na serikali inaposhtakiwa kwa kawaida huteua mmoja kati ya watatu wa jopo. Serikali ya Kiafrika inayolalamikia ubaguzi huku ikiwapita mawakili wake na wa majirani zake inajipinga yenyewe.

Hitimisho

Usawa hauhitaji pete itolewe kwa huruma. Unahitaji vyanda vyote viwekwe mezani, kisha wema wake upimwe. Wanaoanza kuviweka ni wale ambao tayari wana kura ya kuteua.