Tembeeni Usiku Kabla ya Kuomba Taa

"Vibaka wamezidi, tunaomba taa." Mihtasari ya mikutano ya mitaa imejaa ombi hili, na mara nyingi huishia humo humo kwenye faili. Halmashauri itatengaje fedha kwa ajili ya "vibaka wamezidi"? Iandikieni nguzo mbili, njia ya kutoka kituo cha daladala kwenda zahanati, hapo kuna cha kujadili.

Ili mjue nguzo zikae wapi, tembeeni. Wanawake wa Manzese, Dar es Salaam, walifanya hivyo katika mpango wa miji salama ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa: walipita mitaani mwao wakionyesha wanapoogopa na sababu yake.

Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wawaite wanaopita gizani kweli: mama lishe anayefunga saa tatu, bodaboda, mwanafunzi anayetoka masomo ya jioni, mwenye kiti cha magurudumu. Wajumbe peke yao hawatoshi, saa hizo wako nyumbani. Wanawake watangulie. Kila mnaposimama ulizaneni: nikipiga kelele hapa, nani atasikia? Kisha andikeni kinachoonekana: "Pagale nyuma ya soko, halina mlango, majani yanafika kiunoni."

Mengi hayangoji bajeti. Majani yafyekwe siku ya usafi, mwenye pagale aandikiwe barua azibe. Na jamani, acheni kuwafukuza wauza chipsi na mihogo kila jioni. Pale penye jiko linalowaka na wateja wanne, kibaka hakai.

Ya fedha yana njia yake. Jueni kwanza barabara ni ya nani: kuu na za mkoa ziko TANROADS, za mitaani ziko TARURA. Ombi lipitie Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Barua ya Mei imeshachelewa.

Taa zikisubiriwa, kama mna vijana wa ulinzi shirikishi, waorodheshwe, na polisi wapewe majina, kabla hawajashika zamu.

Taa zikiwekwa, kila nguzo ipewe namba, na simu ya kupiga pale taa inapozima ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa.