Mzazi Akirudi Chuoni



Wengi wenu mmejifunza kusoma na kuandika huku mna watoto, shamba na jiko. Mnajua wenyewe mambo yalivyokuwa. Darasa linaanza saa kumi, mama bado yuko kisimani. Mtoto analia mgongoni, mama anatoka nje kumbembeleza, akirudi ubao umeshafutwa. Kwenye daftari la mahudhurio huandikwa "hayupo", basi. Sababu haiandikwi.

Leo tutasoma habari za watu wenye shida kama hiyo, ila wao wako Marekani, na wanasoma vyuoni. Tutaona jinsi baadhi ya majimbo ya nchi hiyo yalivyotunga sheria za kuwasaidia wanafunzi ambao ni wazazi, na watu wazima walioacha masomo zamani kisha wakataka kurudi.

MAJIMBO YA MAREKANI

Kwanza tuelewe nchi yenyewe. Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina bunge lake na mkuu wake aitwaye gavana. Bunge la jimbo likipitisha mswada, na gavana akautia sahihi, mswada huo unakuwa sheria ya jimbo hilo tu. Iko pia serikali ya taifa zima, yenye bunge lake na sheria zake. Lakini mambo mengi ya vyuo vya umma yamo mikononi mwa majimbo. Kwa hiyo sheria ya jimbo la Tennessee haimsaidii mtu wa jimbo la Texas. Kila mmoja na kwao.

Sasa, wanafunzi wa vyuo huko ni akina nani? Watu wengi hudhani ni vijana wa miaka 18 au 20 wanaolala bwenini na kulipiwa na baba. Wapo wa namna hiyo. Lakini kati ya kila wanafunzi watano wanaosomea shahada ya kwanza au kozi fupi za chuo, takriban mmoja ni mzazi. Wengi wa wazazi hao ni akina mama, na akina mama wengi wanalea peke yao. Mwaka 2019 ofisi ya ukaguzi ya bunge la taifa ilitoa taarifa kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi wazazi waliacha chuo bila kupata cheti chochote. Siyo kwamba vichwa vyao ni vizito. Wanashindwa na ada, wanashindwa na saa, wanashindwa na mahali pa kumwacha mtoto.

ADA: MFANO WA TENNESSEE

Tennessee ni jimbo la kusini. Mwaka 2014 bunge lake lilipitisha sheria ya kuwalipia ada vijana wanaotoka moja kwa moja sekondari kwenda vyuo vya jamii. Vyuo vya jamii ni vyuo vya umma vya miaka miwili. Wanafunzi wake wengi hutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni.

Mpango ule ulikuwa mzuri, lakini ulimsahau baba wa miaka 35 aliyeacha masomo akatafute kazi. Yeye je? Ndipo mwaka 2017 jimbo likatunga sheria ya pili, inayoitwa Tennessee Reconnect. Neno hilo maana yake ni kuunganisha tena kitu kilichokatika. Masomo yalianza mwaka 2018. Tennessee ikawa jimbo la kwanza Marekani kuwalipia watu wazima ada ya vyuo vya jamii. Fedha zinatoka katika bahati nasibu ya jimbo. (Wako wanaouliza kama ni vyema kusomesha watu kwa fedha za mchezo wa kubahatisha. Mjadala huo ni mrefu, hatutauingia leo.)

Yapo masharti. Mwombaji awe amekaa jimboni si chini ya mwaka mmoja. Awe hana shahada tayari. Ajaze kila mwaka fomu ya taifa ya kuomba msaada wa masomo. Achukue angalau nusu ya masomo ya kawaida ya muhula. Na alama zake zisipungue wastani wa 2.0, pale ambapo alama ya juu kabisa ni 4.0. Sharti lile la nusu ya masomo tunalipenda. Mtu mwenye kazi na watoto hawezi kubeba mzigo mzima wa kijana asiye na mtu wa kumtegemea.

Tuangalie sasa hesabu yake, maana hapa ndipo watu hujikanganya. Serikali ya taifa ina msaada wake kwa wanafunzi wa kipato cha chini, unaoitwa Pell. Siyo mkopo, haurudishwi. Mfuko wa Tennessee hulipa mwisho, baada ya misaada kama huo kuhesabiwa. Tuseme ada ni dola 2,000. Mwanafunzi amepata dola 1,400 za Pell. Mfuko wa jimbo unalipa zilizobaki:

2,000 – 1,400 = 600

Sasa mchukueni mama mwingine, maskini zaidi. Yeye Pell imemlipia ada yote, hata ikabaki kidogo. Mfuko wa jimbo utampa nini? Sifuri. Ada yake imekwisha lipwa, basi hana kinachodaiwa. Lakini nauli ya basi, na mshahara wa yule anayebaki na mtoto, mfuko haugusi. Kwa hiyo aliyefaidi zaidi fedha za jimbo ni mtu wa kipato cha katikati ambaye Pell ilimpita. Hatusemi sheria ni mbaya. Imefungua mlango kwa watu wengi, na neno "bure" peke yake limewapa moyo waliokuwa wamekata tamaa. Tunasema tu kwamba ada ni sehemu moja ya gharama, na kwa mzazi mara nyingi siyo sehemu nzito kuliko zote.

SAA: MFANO WA CALIFORNIA

Hili ndilo tunalotaka mlisome polepole.

Katika vyuo vya Marekani mwanafunzi huchagua mwenyewe masomo yake kila muhula. Somo moja laweza kufundishwa mara tatu: asubuhi, mchana na usiku. Kila darasa lina idadi ya viti. Viti vikijaa, umechelewa.

Mfikirieni mama ambaye mtoto wake anatoka shule saa nane na nusu mchana. Yeye anahitaji darasa la asubuhi. Hana ujanja mwingine. Lakini siku ya kujiandikisha anakuta darasa la asubuhi limejaa vijana ambao wangeweza kusoma saa yoyote. Limebaki la saa kumi na moja jioni. Afanye nini? Akilichukua, amlipe mtu wa kukaa na mtoto. Akiliacha, angoje muhula mwingine. Na kama somo hilo ndilo linalofungua masomo ya mwaka wa pili, kila kitu kinasogea mbele. Muhula mmoja unakuwa mwaka, mwaka unakuwa miwili, mwisho anachoka. Hakufeli mtihani wowote huyo. Amekosa kiti tu.

Mwaka 2022 jimbo la California, lililo magharibi kando ya bahari ya Pasifiki, lilitunga sheria juu ya jambo hilo. Inasema wanafunzi wazazi wajiandikishe mapema, kabla ya wengine. Vyuo vya jamii na vyuo vikuu vya kundi linaloitwa California State University vilipewa mpaka tarehe 1 Julai 2023 kuanza. Kundi jingine, University of California, liliombwa tu, halikuamriwa, kwa sababu katiba ya jimbo inalipa uhuru wa kujiendesha. Kuomba na kuamuru ni mambo mawili, na msomaji wa sheria lazima aangalie ni neno gani limetumika.

Sheria hiyo imeeleza pia mzazi ni nani. Ni mwanafunzi mwenye mtoto wa chini ya miaka 18, ambaye zaidi ya nusu ya matunzo yake yanatoka kwa mwanafunzi huyo. Haikusema lazima awe na ndoa. Haikusema lazima awe mama. Baba anayelea naye anaingia.

Tazameni sasa gharama yake. Sheria ya ada inahitaji mamilioni ya dola kila mwaka. Hii ya saa inahitaji nini? Kupanga upya foleni. Viti ni vile vile, walimu ni wale wale. Kwa maoni yetu hii ni moja ya sheria zenye akili sana katika habari hizi zote. Mwaka 2023 jimbo la Texas nalo likapitisha sheria ya kuwapa wanafunzi wazazi nafasi ya kujiandikisha mapema.

MIMBA NA MTOTO

Mwaka huo huo Texas ilipitisha sheria nyingine. Chuo kisimlazimishe mwanafunzi mjamzito au mzazi kuacha masomo kwa sababu ya hali yake hiyo. Akikosa darasa kwa ajili ya kujifungua, asihesabiwe mtoro, bali apewe nafasi ya kufidia kazi alizokosa. Kabla ya hapo ilikuwepo sheria ya taifa ya mwaka 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu, nayo inamlinda mjamzito. Hata hivyo Texas iliona heri iandike wazi chuo kifanye nini. (Hapa kwetu Tanzania wasichana waliojifungua waliruhusiwa kurudi katika shule za kawaida mwezi Novemba 2021.)

Je, matunzo ya mtoto? California tangu mwaka 2019 huwaongezea wanafunzi wazazi wanaopata msaada wa masomo wa jimbo. Nyongeza inaweza kufika dola 6,000 kwa mwaka. Tena mwaka 2024 sheria mpya iliviagiza vyuo vya jamii na vyuo vikuu vya California State University viingize gharama za kulea katika makisio ya mwanafunzi mzazi. Makisio ni hesabu ya chuo kwamba mwaka mmoja wa masomo utagharimu kiasi gani. Misaada hutolewa kwa kufuata hesabu hiyo. Zamani mzazi alikisiwa kama mtu asiye na mtoto: chakula cha mtu mmoja, chumba cha mtu mmoja. Msaada ukaja wa mtu mmoja, nao wakaula watatu.

Lipo na jambo la kuhesabu watu. Vyuo vingi havikujua vina wazazi wangapi, kwa sababu havikuwahi kuuliza. Mwaka 2021 jimbo la Illinois likatunga sheria ya kuvitaka vyuo vya umma viwaulize wanafunzi kama wana watoto na kuweka takwimu. Mwenye shughuli asiyejua wageni ni wangapi, atapika sufuria gani?

Basi sheria zipo. Lakini mama asiyejua kwamba ana haki ya kujiandikisha mapema ataendelea kusimama nyuma ya foleni. Ndiyo maana sheria ile ya California ya mwaka 2022 iliviagiza vyuo viweke habari zote za huduma za wazazi mahali pamoja katika tovuti, mahali panapoonekana. Anayezisoma atajua pa kwenda.

MASWALI YA KIKUNDI

Someni tena habari hii kwa sauti, mkipokezana, kisha mjibu.

1. Ada ni dola 2,200. Mwanafunzi amepata Pell ya dola 1,750. Mfuko wa Tennessee utalipa dola ngapi?

2. Kwa nini sheria ya kujiandikisha mapema haikuhitaji fedha nyingi?

3. Darasa lenu la kisomo linakutana saa ngapi? Nani aliipanga saa hiyo, na siku ilipopangwa nani hakuwepo?