Kukata Mbao kwa Pembe: Linda Vidole Vyako

Ndugu fundi, kona ya fremu ya mlango hutaka mbao mbili, kila moja ikatwe nyuzi 45. Msumeno wa umeme hukata ubao kwa sekunde chache, na kidole vilevile.

Kama ulijifunzia kwenye mashua za Palma au Mocímboa da Praia, umezoea kushika ubao karibu na meno ya msumeno wa mkono. Tabia hiyo iache. Diski ikigeuzwa pembe, ubao huteleza kando na kuuvuta mkono. Ubane kwa jiriwa, uegemee ukingo wa nyuma, mkono ukae sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye meno. Kipande kifupi usikishike kabisa: kata pembe kwenye ubao mrefu kwanza, ndipo upunguze urefu.

Washa, ngoja diski ishike kasi, shusha polepole. Ukimaliza achia swichi. Ikisimama ndipo uinue. Jenereta ikizimika katikati, chomoa plagi, maana umeme ukirudi haupigi hodi.

Vaa miwani. Glavu na mikono mirefu ya kanzu hunaswa na diski. Watoto wa kambini hupenda kutazama, wakae mbali.