Pumzi Kwanza, Kilo Zitafuata

Wiki hii nimeweka pembeni barua nyingine zote kwa ajili ya hii moja. Mwandishi wake ameniruhusu niijibu hapa, kwa sharti nisitaje jina wala shule.

"Dada, shikamoo. Nina miaka 16, niko kidato cha tatu, shule ya bweni. Nina pumu tangu utotoni. Wenzangu wananiita Bonge na nimechoka. Hii ni wiki ya tatu sili chakula cha usiku. Ile inhela ya asubuhi na jioni nimeiacha, maana rafiki yangu kaniambia ina steroidi, inanenepesha. Nakunywa pia chai ya kukata tumbo. Nikikimbia mchakamchaka kifua kinabana, nisipokimbia mwili unaongezeka. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara moyo wangu umegota kwenye neno moja: "nimeiacha". Kabla hatujazungumza habari ya uzito, nakuomba jambo moja. Leo hii, kabla hujalala, rudia inhela yako kama daktari alivyokuandikia. Ukishafanya hivyo, sogea karibu tuongee.

Mimi pia nina pumu. Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na mwili mkubwa, na jina hilo unaloitwa nililibeba bwenini miaka miwili. Siku moja nikasema basi. Nikaacha ugali wa jioni. Saa 11 alfajiri nikawa naingia mchakamchaka na tumbo tupu, mwezi wa saba, baridi na vumbi, na inhela nimeifungia kwenye tranka ili nisionekane mgonjwa. Siku ya tano niliketi pembeni ya uwanja nataka kuita mtu, sauti haitoki. Mwenzangu akakimbia bwenini kutafuta ufunguo wa tranka. Dakika zile za kuusubiri ule ufunguo sijazisahau mpaka leo. Nakuandikia ili wewe usizipitie.

Tuanze na ukweli ambao hata mimi sikuambiwa mapema. Uzito mkubwa na pumu vinaelewana vibaya. Mafuta ya tumboni huusukuma juu msuli ulio chini ya mapafu, kifua kikakosa nafasi ya kutanuka, pumzi zikawa fupi. Tena mafuta hayo hayakai kimya: hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini, na pumu yenyewe ni ugonjwa wa njia za hewa zilizovimba. Kwa hiyo hamu yako ya kupungua si upuuzi. Ukipungua taratibu, utapumua vizuri zaidi. Ila njia uliyoichukua inakupeleka kinyume: pumu ikiachwa bila dawa hutashindwa kukimbia tu, hata kupanda ngazi kutakuwa kazi, na mwili usiosogea huongezeka.

Sasa hiyo inhela. Wengi wetu tuna mbili. Ya kwanza, mara nyingi ya rangi ya bluu, ina salbutamoli. Inalegeza misuli ya njia za hewa ndani ya dakika chache, lakini uvimbe haiugusi. Ya pili ni ya kinga, yenye beklometasoni au budesonidi, na ndiyo inayotuliza uvimbe siku hadi siku. Ni kweli hizo ni steroidi. Lakini dozi ya kuvuta ni ndogo na inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu, na kwa dozi za kawaida si hiyo inayonenepesha. Steroidi inayoongeza njaa na uzito ni ile ya vidonge, kama prednisoloni, hasa mtu akiitumia mara kwa mara. Na nani hupewa prednisoloni mara kwa mara? Ni yule anayebanwa kila mara kwa sababu kinga ameiacha. Umeona ulivyozungushwa? Umeiacha dawa isiyokunenepesha, ukajisogeza karibu na ile inayoweza. Kama umeandikiwa hivyo vidonge, usivikatize mwenyewe bila daktari. Na ukishavuta inhela ya kinga, sukutua mdomo na uteme maji, usije ukapata utando mweupe mdomoni.

Kama dawa unaihisi kooni kuliko kifuani, huenda hujui kuivuta vizuri. Mwombe muuguzi akuangalie unavyovuta, na umuulize habari ya spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya mdomo na inhela. Kisipopatikana, kuna njia. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitako na inhela ikabana humo bila kuvujisha hewa, iliwasaidia watoto waliobanwa sawasawa na spesa ya dukani.

Chai ya kukata tumbo imwage, mdogo wangu. Nyingi za chai hizo zina majani ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, ikiwemo potasiamu inayouwezesha moyo kupiga sawasawa. Salbutamoli nayo, ukiivuta kwa wingi siku umebanwa, huishusha potasiamu hiyo hiyo. Ukiviweka vyote viwili katika mwili mmoja unauchezea moyo. Vidonge vya kupunguza uzito vinavyouzwa kwa kificho ndiyo usiviguse kabisa. Vingine vimekutwa na sibutramini, dawa inayopandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, ambayo Ulaya na Marekani ziliiondoa sokoni mwaka 2010.

Na kulala na njaa? Una miaka 16, mifupa bado inajengwa. Anayejinyima hupoteza misuli pamoja na mafuta, hedhi inaweza kuvurugika, darasani anasinzia, na mwisho njaa humshinda akala maandazi sita kwa mkupuo. Kwa umri wako mara nyingi lengo si hata kushusha kilo nyingi. Kama bado unarefuka, huenda ikatosha uzito usimame huku kimo kikiendelea kupanda. Ndiyo maana usijipime kwa jedwali la watu wazima. Nenda kituo cha afya wakupime kimo na uzito, wasome kwa umri wako, wakuambie kama unahitaji kupungua na kwa kiasi gani.

Tuje kwenye sahani. Siwezi kukuandikia vyakula vya hotelini wakati najua bwenini kuna ugali na maharage. Hivyo hivyo vinatosha. Maharage ni chakula kizuri sana: yanashibisha, yanajenga mwili. Chota ugali kidogo kuliko ulivyozoea, ongeza maharage, na mchicha, matembele au kabichi ikipatikana ijaze nusu ya sahani. Ukiwa nyumbani, dagaa, samaki, yai la kuchemsha na kachumbari ni rafiki zako. Tunda lile zima badala ya kunywa juisi yake.

Vitu viwili ndivyo vinavyotuangusha wengi. Cha kwanza ni vinywaji. Soda moja ya mililita 350 mara nyingi ina sukari ya kama vijiko 8 au 9 vya chai, na tunaishusha kwa dakika mbili bila kushiba. Ukibadilisha soda ya kila siku kwa maji, tayari umefanya kazi kubwa kuliko kuruka mlo. Cha pili ni chipsi mayai na vitu vya kukaangwa vya kila jioni pale getini. Sikwambii usivionje tena maishani. Viwe vya siku moja moja. Na usingizi usiudharau: kijana wa umri wako anahitaji saa 8 hadi 10. Anayekesha huamka na njaa kubwa na hamu ya vitamu.

Najua sasa unaniuliza, na mazoezi je? Pumu haikukatazi kukimbia. Paula Radcliffe wa Uingereza aligunduliwa na pumu akiwa na miaka 14. Mwaka 2003, huko London, alimaliza maratoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25. Rekodi hiyo ya dunia ya wanawake ilidumu miaka 16, hadi Brigid Kosgei wa Kenya alipoivunja Chicago mwaka 2019. Radcliffe amezungumza hadharani kuhusu pumu yake na inhela zake. Hakuzifungia kwenye tranka.

Wewe anza na kutembea. Dakika 10 au 15 kwa siku, mwendo ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kila wiki ongeza dakika chache, ukielekea kwenye dakika 60 kwa siku ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri kwa vijana wa umri wako. Si lazima ziende kwa mfululizo: rede, kuruka kamba, netiboli na kuchota maji zote zinahesabiwa. Ukiwa karibu na bwawa au bahari tulivu, na una mtu wa kukufundisha na kukusimamia, kuogelea kunawafaa wengi wenye pumu kwa sababu hewa ya juu ya maji ina unyevu.

Kabla ya kukimbia, pasha mwili kwa dakika 10 za taratibu. Kama daktari amekuelekeza kuvuta salbutamoli kabla ya mazoezi, ivute dakika 10 hadi 15 kabla. Asubuhi za baridi funika pua na mdomo kwa kitambaa, hewa iingie ikiwa na joto. Ukiwa na mafua au kifua kimeanza kulia, siku hiyo pumzika. Na jifunze kutofautisha: kuhema kwa sababu mwili haujazoea hutulia dakika chache baada ya kusimama. Pumu huja na filimbi kifuani, kikohozi na kubana, na mara nyingi huzidi dakika 5 hadi 10 baada ya kuacha kukimbia.

Zungumza na matroni na mwalimu wa michezo. Usiombe kuondolewa mchakamchaka, omba kuanza taratibu na kupumzika unapobanwa. Zamu ya kufagia, omba sakafu inyunyiziwe maji kwanza au upewe kudeki. Ukiwa nyumbani, kaa mbali na moshi wa kuni na mkaa kadiri inavyowezekana. Wazazi mnaosoma hapa, msaidieni mtoto wenu kwa kubadilisha sufuria ya familia nzima. Mtoto mmoja kupewa sahani yake ya adhabu huku wenzake wakila chipsi ni kumtenga.

Ukijikuta unahitaji inhela ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au unaamka usiku kwa kikohozi, rudi kliniki, kinga yako haitoshi. Na hizi hapa ni dalili za hatari: huwezi kumaliza sentensi, midomo inabadilika rangi, ngozi inazama kati ya mbavu, au salbutamoli haileti nafuu. Hapo kaa wima, usilale chali. Vuta dawa pumzi moja moja, kwa spesa kama ipo, na upelekwe hospitali wakati huo huo. Usisubiri kuche.

Limebaki lile jina. Wanaokuita Bonge hawajui unavyopigania hewa saa 8 za usiku. Mwambie mmoja unayemwamini kwamba linakuumiza. Likizidi, mwambie matroni. Ila usiupunguze mwili wako ili wao wanyamaze. Upunguze kwa sababu unataka kupanda ngazi na kufika juu ukiwa bado unaongea.

Ninachokuomba wiki hii ni kidogo. Rudia inhela ya kinga. Kula chakula cha usiku. Mwaga ile chai. Tembea dakika 10. Na ile ya bluu itoe kwenye tranka, iweke mfukoni mwa sketi, mahali ambapo mkono wako unafika bila kutafuta ufunguo. Halafu niandikie. Nitakuwa naingoja barua yako.

Ni mimi, dada yako.