Kiini cha Simu

Wanafunzi, bila shaka mmekwisha kuiona simu ya mkononi. Je, mmepata kujiuliza ni nani aiamuruye kamera ipige picha, na kengele ilie? Hamna mtu ndani yake, mna kiini. Leo twajifunza habari zake.

Mkulima mmoja wa Mjimwema, hapa Njombe, alivunja kioo cha simu yake siku za mavuno ya viazi. Akaenda kwa fundi, akatiwa kioo kingine kilichofanana na kile cha kwanza kwa ukubwa na umbo. Simu ikawaka, picha zikaonekana safi; lakini alipogusa kioo kwa kidole, simu haikusikia. Mnunuzi wa Makambako akapiga, akapiga tena. Mkulima akaliona jina lake, asiweze kupokea. Fundi akaapa ya kuwa kioo ni kizima, wala hakusema uongo. Basi kosa lilikuwa wapi?

Fikirini ghala ya shule. Chakula kimo humo, lakini mwanafunzi haruhusiwi kuingia na kujichukulia. Humwendea mtunza ghala, naye humpimia kila mmoja fungu lake. Kiini cha simu ndicho mtunza ghala. Programu ya kutuma fedha au ya kupiga picha haigusi vyombo vya simu yenyewe, bali huomba kwa kiini. Kiini hugawa nafasi ya kumbukumbu, hupanga zamu za kazi, huvilaza vyombo visivyotumika ili betri isiishe upesi, tena huzuia programu moja isichungulie siri za nyingine.

Lakini vyombo vya simu hutoka katika viwanda vingi, na kila kimoja kina lugha yake. Ni kama siku ya mnada: Mbena, Mkinga na Mhehe wakisema kila mtu kwa lugha ya kwao, mtunza ghala mmoja hana budi kupata wakalimani. Mkalimani wa kiini huitwa kiendeshi, yaani programu ndogo ijuayo lugha ya chombo kimoja. Tena vyombo vingi vya simu haviwezi kujitaja vyenyewe. Kwa hiyo kiini hupewa orodha ionyeshayo kila chombo kiko wapi. Chombo kisicho na mkalimani ni kama mgeni asiyeeleweka.

Ndiyo yaliyompata mkulima yule. Chombo kidogo kisikiacho mguso katika kioo kipya kilikuwa cha kiwanda kingine, na kiini hakikuwa na kiendeshi chake. Fundi alipotia kioo chenye namba ileile ya kwanza, simu ikasikia mara moja. Lakini mnunuzi alikwisha kupakia viazi vya mtu mwingine.

Kiini cha simu za Android huitwa Linux. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika Ufini, alikianza mwaka 1991, akawaachia watu wote wakisome na kukitengeneza. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa mwaka 2008. Zamani kila namna ya simu ilikuwa na kiini chake kilichochanganywa na viendeshi vyake. Kiwanda kilipoacha kuvitengeneza, simu ilibaki na kiini kikuukuu, na matundu wapitiapo wezi hayakuzibwa. Tangu Android ya 12, mwaka 2021, simu mpya zilianza kupewa kiini kimoja cha jumla, viendeshi vikawekwa kando, ili kiini kirekebishwe pasipo kuvivuruga.

Basi, simu ikileta habari ya kurekebisha mfumo wake, wakumbusheni wazee wenu wasiidharau. Na kabla ya kununua kioo, ulizeni namba yake. Kuuliza si ujinga.

MASWALI
1. Kwa nini simu haikusikia kidole, ingawa kioo kilikuwa kizima?
2. Kiini hufanya kazi gani? Taja tatu.
3. Kiendeshi kimefananishwa na nani? Eleza sababu.
4. Kuna faida gani kuweka viendeshi kando ya kiini?