"Imepita": Neno Linaloangusha Wazee

Saa kumi ya usiku, Mangobo, Kisangani. Mzee anakurupuka kitandani aende choo cha nyuma ya nyumba. Macho yanaingia giza, magoti yanalegea, anashika ukuta. Punde anasimama sawa. "Imepita," anasema, na watoto wanarudi kulala.

Tansio iliyoshuka

Akisimama ghafla, tansio yake (shinikizo la damu) hushuka. Hali hiyo huwapata hasa wenye kisukari, wanaomeza dawa za tansio, za kukojoza au za tezi dume, na waliotoka kuugua malaria au kuhara. Pombe ya lotoko huizidisha. Joto la Kisangani nalo humkausha mzee asiyekumbuka kunywa maji.

Muuguzi ampime baada ya kulala dakika tano, kisha akiwa amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, shida imeonekana. Akipimwa ameketi tu, huenda isionekane. Dawa asiziache mwenyewe: tansio ya juu ndiyo mama wa kiharusi.

Kabla ya kusimama

Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, dakika mbili. Chombo cha kukojolea chini ya kitanda si aibu.

Mdomo ukipinda

Mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki, maneno yanavurugika, au jicho moja limeona giza ghafla. Baada ya dakika kumi yote yamerudi, na neno ni lile lile: imepita.

Haijapita! Hicho ni kiharusi kidogo. Kikubwa kinaweza kukifuata, na hatari ni kubwa zaidi siku mbili za kwanza. Msingoje kuche. Msimchanje. Msimpe chakula, maji, aspirini ya dukani wala kidonge cha ziada cha tansio. Msimlaze "apumzike kidogo". Angalieni saa ilipoanza, mwende hospitali usiku huo huo, hata kama anacheka na kuomba chai.

Haijapita.

Safari

Toleka, baiskeli ya abiria, haifai: aliyelegea upande mmoja huanguka. Tafuteni gari, au pikipiki na mtu wa kumshika kwa nyuma.

Watu wa Lubunga wana mto mzima kati yao na hospitali za Makiso. Ulizeni leo, mchana, ni mwenye mtumbwi gani anayekubali kuvusha mgonjwa usiku, na namba yake iandikwe ukutani, karibu na kitanda cha mzee.